Picha Aliyoisoma Peke Yake

Katika kiwanda cha uchapaji alikofanya kazi zaidi ya miaka thelathini, ni karani wa mishahara peke yake aliyelijua jina lake halisi. Wengine wote walimwita Gundi. Jina hilo lilimganda tangu siku za uanagenzi, kwa sababu kucha zake hazikuwahi kutakata. Gundi ya majalada ilikauka pembeni mwa kila ukucha, rangi ya asali, na hata siku ya harusi yake mpiga picha alimwomba afiche mikono. Kazi yake ilikuwa kushona na kutia majalada: madaftari ya mahakama, vitabu vya mahudhurio vya shule, ripoti nene za ofisi ambazo hakuna anayezisoma. Akishamaliza kukishona kitabu kwa sindano na uzi uliopakwa nta, ungeweza kukinyanyua kwa ukurasa mmoja na kukitikisa, na kisichanike.

Alikuwa mtu wa maneno machache na utani mkavu. Mkewe alikuwa kinyume chake, mwalimu wa chekechea, mwenye sauti ya kufika mtaa wa pili na kicheko kinachoanza kabla kisa hakijafika panapochekesha. Gundi alimwita Mwalimu, hata wakiwa wawili tu chumbani, na Mwalimu alimwita Baba Fulani pale tu alipokuwa amekasirika. Walikuwa na binti mmoja. Majirani walisema nyumba ile haina siri, kwa sababu Mwalimu akianza kusimulia jikoni, barabarani wanacheka.

Kifua cha Gundi kilikuwa na historia yake. Alipokuwa na miaka ishirini na mitatu aliugua kifua kikuu. Alimeza vidonge miezi sita bila kuruka hata siku moja, akapimwa, akaambiwa amepona. Kabla ya kumposa Mwalimu alimweleza yote, akimtazama usoni, akamwambia kama anaogopa aseme mapema. Mwalimu akamjibu, "Mimi naogopa mjusi tu." Baadaye, katika miaka yao ya ndoa, nimonia ilimlaza mara mbili, na mara zote mbili Mwalimu ndiye aliyekesha naye, akimwinua mgongo kwa mito na kumtania kwamba amefunga ndoa na mapafu mabovu yaliyoota miguu.

Kwa hiyo hakuwa mtu wa kuficha. Hilo ndilo lililomsumbua baadaye kuliko yote: kwamba alijua kusema, na siku moja aliamua kutosema.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili kiwanda kilipopata meneja mpya, na meneja akaagiza kila mfanyakazi apimwe afya. Wakapelekwa hospitali kwa makundi. Gundi alivua shati, akabandika kifua kwenye ubao wa baridi wa kupigia picha, akaambiwa avute pumzi na aishike, akaishika. Wiki moja baadaye alienda kuchukua majibu. Dada wa mapokezi akampa bahasha kubwa ya kaki, akasema, "Daktari wa kifua hayupo leo, baba. Rudi Alhamisi na bahasha hii hii, atakuelezea."

"Kuna tatizo?"

"Mimi napokea tu, baba. Alhamisi, saa tatu."

Angeweza kuibeba ile bahasha mpaka nyumbani na kuiweka juu ya kabati. Mwalimu angeipigia kelele, angeifungua yeye, angeuliza mtaa mzima, na Alhamisi wangekwenda pamoja. Badala yake alirudi nayo kiwandani, akangoja wenzake watoke kwenda kula, akaifungua juu ya meza yake ya kazi.

Ndani mlikuwa na picha ya kifua, nyeusi na nyeupe kama moshi, na karatasi moja iliyopigwa chapa. Picha hakuielewa. Karatasi ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya hospitali, mistari sita. Gundi alikuwa ameishi na maandishi maisha yake yote, na hakukubali mistari sita imshinde. Akachukua kamusi ya chumba cha wasahihishaji, akaanza kutafuta neno baada ya neno. Akapata "kivuli". Akapata "pafu la kulia, upande wa juu". Akapata "vinundu". Neno moja kamusi ilimtafsiria kuwa ni "jeraha, kidonda". Mstari wa mwisho ulisema jambo kuhusu kulinganisha na picha za zamani na kufanya uchunguzi zaidi, lakini kufikia hapo alikuwa hasomi tena. Neno "kivuli" hakulikuta kwenye kamusi siku ile kwa mara ya kwanza.

Alilisikia kwa kaka yake mkubwa, dereva wa lori, mvutaji wa sigara asiyeachia moja izimike kabla ya kuwasha nyingine. Kaka naye alipigwa picha, akaambiwa kuna kivuli kwenye pafu, na ilikuwa saratani. Familia nzima ilihamia nyumbani kwake kulia. Walilia asubuhi, wakalia jioni, wakalia mbele yake akiwa anajaribu kunywa uji. Siku moja kaka akamshika Gundi mkono akamwambia, "Hawa wameanza matanga nikiwa nasikia." Wiki tano baadaye akafariki. Gundi akaapa kimoyomoyo kwamba zamu yake ikifika, hakuna atakayemlilia angali hai.

Basi akakaa pale na ile karatasi, akapiga hesabu yake. Kama si saratani ya kaka, ni kifua kikuu kimerudi. Kama ni saratani, atakufa. Kama ni kifua kikuu, kimeshinda dawa za miezi sita, na ataambukiza. Akaona njia zote mbili zinampeleka mahali pamoja: akae mbali na watu, na anyamaze.

Alhamisi ikafika, saa tatu ikapita. Gundi alikuwa kwenye meza yake anashona daftari la mahakama. Karani wa ofisi alipopita na orodha yake akauliza, "Gundi, hapa wameandika urudi kliniki. Ulirudi?"

"Nilirudi. Niko sawa."

Karani akatia alama, akaendelea na safari yake.

Wiki hiyo hiyo alihamishia meza yake mwisho kabisa wa chumba, karibu na dirisha, akasema macho yake yanahitaji mwanga. Nyumbani akahamia chumba kidogo cha nyuma, kile cha kuwekea mabegi na cherehani.

"Nakoroma," alimwambia Mwalimu. "Nakunyima usingizi."

"Miaka ishirini na sita umekoroma, leo ndiyo umejisikia?" Mwalimu alicheka, akangoja naye acheke. Gundi akabeba mto wake.

Akatenga sahani yake, kikombe chake na kijiko chake, akawa anaviosha mwenyewe kwa maji ya moto na kuviweka kwenye rafu ya peke yake. Mwalimu aliviangalia siku ya kwanza, akaviangalia siku ya pili, siku ya tatu akamuuliza kama anadhani atamwekea sumu. Akasema hapana, ni mazoea tu. Mazoea ya tangu lini? Akageuka kuendelea kuosha. Kikohozi kikimbana alifunga mlango na kufungulia redio kwa sauti ya juu, ili asisikike. Hakujua kwamba upande wa pili wa mlango mkewe alikuwa amesimama, anaisikiliza ile redio, akiamini kwamba mumewe anazungumza na mtu kwenye simu na hataki asikike.

Akajipanga kufa. Suti yake nzuri na viatu vyake vya ngozi akampa rafiki yake wa kazini, fundi wa mashine ya kukatia karatasi ambaye wote walimwita Kisu. Kisu akashangaa, akavijaribu, vikamkaa barabara. Walipotaka kumfanya Gundi mkuu wa chumba cha majalada, akakataa, akasema wampe kijana mwenye muda. Wakadhani ni unyenyekevu. Binti yake alipojifungua, akaja nyumbani na mtoto wa miezi mitatu. Mwalimu akamchukua yule mtoto, akamletea mumewe sebuleni, anacheka machozi yakimtoka.

"Haya babu, mshike. Mshike uone mkono wake ulivyo mdogo."

Gundi akarudi nyuma hatua moja, akaficha mikono nyuma ya mgongo. "Mikono yangu ina gundi," akasema.

Ilikuwa Jumapili. Alikuwa ameoga, kucha amezisugua mpaka zikawa nyekundu, kwa sababu tangu asubuhi alikuwa akijiuliza kama labda, kwa dakika moja, akiziba pumzi, angeweza kumshika. Mwalimu aliitazama ile mikono alipoificha. Akamrudisha mtoto kwa mama yake, na tangu siku ile kicheko chake kikapungua ndani ya nyumba ile.

Miezi michache baadaye alimfuata mumewe kwenye chumba cha nyuma, akakaa juu ya begi, akamuuliza bila kupandisha sauti, jambo ambalo lilimtisha Gundi kuliko kama angepiga kelele.

"Kuna mwingine?"

Hapo ndipo alipokuwa na nafasi yake ya mwisho, na aliitambua. Bahasha alikuwa ameificha nyuma ya kabati la chumba kile, hatua mbili kutoka alipokaa mkewe. Lakini akawaza: mke mwenye hasira ataondoka, atazoea, ataishi. Mke mwenye huruma atakaa hapa ananitazama nikioza. Akanyamaza. Na mtu aliyeulizwa swali kama lile akanyamaza, amejibu.

Mwalimu akaenda kwa binti yao, ng'ambo ya mji, kumsaidia kulea kwa wiki mbili. Wiki mbili zikawa mwaka. Mwaka ukazaa mwingine.

Gundi akabaki anangoja kifo, na kifo kikawa kama fundi aliyeahidi kuja kesho. Mwaka wa kwanza alijisikia dhaifu kweli, akapungua, lakini nani asingepungua kwa chakula alichojipikia? Mwaka wa pili akapata nguvu. Mwaka wa tatu alipanda ngazi za kiwanda akiwa amebeba mafurushi ya karatasi, akafika juu, akasimama, akagundua kwamba hahemi. Kisu, aliyekuwa nyuma yake ndani ya vile viatu vya ngozi, ndiye aliyekuwa anahema. Jioni ile Gundi alikaa kwenye ukingo wa kitanda muda mrefu. Wazo lilikuwa limemjia, naye alilisukuma mbali kama mtu anayefunga mlango kwa bega.

Mwaka wa saba ndipo alipougua kweli. Ilianza na homa, kisha maumivu ya ubavu kila akivuta pumzi, kisha akawa anatema makohozi ya rangi ya kutu. Siku ya tatu hakuonekana kazini, Kisu akaja akagonga, akamkuta anatetemeka chini ya mablanketi mawili.

"Inuka twende hospitali."

"Niache, ndugu yangu. Huu ni wakati wangu."

"Wakati wako wa nini? Inuka, nitakubeba, na mimi mgongo unaniuma, usinipe kazi."

Daktari wa kifua aliyempokea alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba. Alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akamtuma kwenye picha, akamwanzishia dawa siku hiyo hiyo. Kesho yake asubuhi alikuja kitandani na picha mpya mkononi, akauliza maswali. Umewahi kuugua kifua kikuu? Lini? Ulimaliza dawa? Nimonia mara ngapi? Gundi akajibu yote. Kisha daktari akauliza, "Una picha yoyote ya zamani?"

Gundi akasita. "Iko moja."

"Iko wapi?"

"Nyuma ya kabati."

Kisu akatumwa na ufunguo. Alirudi na bahasha ya kaki yenye vumbi, akaikabidhi kama mtu anayekabidhi kitu alichokiokota. Daktari akaiwasha ile taa ya ukutani, akazibandika picha mbili sambamba, akavaa miwani, akazilinganisha. Gundi alisaidiwa kuketi kwenye kiti cha magurudumu, akasogezwa karibu.

"Njoo uone kifua chako, baba," daktari alisema. "Hii ni ya miaka saba iliyopita. Hii ni ya jana. Tazama hapa juu, pafu la kulia. Unaona hii mistari myeupe, kama uzi uliovutwa?"

"Naona."

"Hayo ni makovu ya kifua kikuu cha ujana wako. Na hivi vidoa vyeupe sana ni vinundu vilivyokauka. Mwili ulizungushia ugonjwa ukuta, baadaye ukuta ukashika chokaa. Hapa chini, hii pembe imekuwa butu badala ya kuwa kali. Utando wa pafu ulishikana ulipougua nimonia. Sasa tazama ile ya zamani."

Gundi akatazama. Mistari ile ile. Vidoa vile vile, vinne, mahali pale pale.

"Ugonjwa ulio hai haukai palepale miaka saba," daktari akasema. "Ungekua, au ungesambaa. Huu haujasogea hata upana wa ukucha. Kipya ni hiki tu hapa, hili wingu upande wa kushoto. Hii ndiyo nimonia iliyokuleta, na dawa itaifuta. Nitapima makohozi pia, maana picha peke yake haitoshi kuapia. Lakini haya ya kulia ni makovu, baba. Kovu la mguuni unaliona kwa macho, la pafuni unaliona kwa picha. Tofauti ni hiyo."

"Hapa wameandika kivuli." Gundi aliielekezea ile karatasi kidole. "Na kidonda."

"Kivuli ni jina la kitu ambacho picha imeona. Si jina la ugonjwa. Chochote kinachozuia miale kinaitwa hivyo, kiwe kovu, kiwe maji, kiwe uvimbe. Na hili neno ulilolisoma kidonda, sisi tunamaanisha mahali penye mabadiliko, basi. Mwenzangu aliyeandika alitaka picha ya zamani ya kulinganisha, na makohozi. Ndiyo huu mstari wa mwisho. Alikuelezea nini uliporudi?"

Kisu aligeuka kumtazama rafiki yake.

"Sikurudi," Gundi akasema.

Daktari akavua miwani. Alikuwa na wagonjwa wengine kumi na wanane wodini, lakini akavuta kiti.

"Kwa hiyo miaka yote hii ulidhani una nini?"

Gundi akatazama tena ile mistari myeupe. "Hayo makovu yanaambukiza?"

"Hapana."

"Hata mtoto mchanga?"

"Hata mtoto mchanga. Siku ulipopigwa picha hii ya kwanza, baba, ulikuwa umeshapona miaka karibu thelathini."

Watu wengi wangefurahi. Kisu alifurahi, akampiga bega, akasema atarudisha suti ila viatu ameshavimaliza. Gundi aliendelea kuzitazama zile picha mbili mpaka daktari alipozima taa. Siku mbili baadaye majibu ya makohozi yakatoka, hayakuonyesha kifua kikuu. Gundi akaitikia kwa kichwa kwa heshima, akashukuru, akageukia ukutani.

Aliporuhusiwa kutoka, hakwenda nyumbani kwanza. Alipanda basi la kwenda ng'ambo ya mji, bahasha mbili mapajani. Nyumba ya binti yake ilikuwa na ua mdogo, na chini ya bati lililoegemezwa ukutani kulikuwa na viti vidogo kumi na kimoja vilivyopakwa rangi. Mwalimu alikuwa amefungua chekechea yake mwenyewe. Gundi hakuwa na habari. Watoto walikuwa wameshaondoka, naye alikuwa anakusanya chaki. Alikuwa amenenepa kidogo, nywele za mbele zimekuwa nyeupe, na alipomwona mumewe langoni hakuonyesha mshangao wala furaha.

"Karibu," akasema. "Umekonda."

"Nilikuwa nimelazwa. Nimonia."

"Pole. Nani alikuwa anakuinua mgongo?"

"Kisu."

Mwalimu akaguna. Wakakaa kwenye vile viti vidogo, magoti yamepanda juu, kwa sababu vingine havikuwepo. Gundi akafungua bahasha, akamweleza tangu mwanzo, tangu kamusi. Alieleza vibaya, akarudi nyuma, akaruka, akaeleza chumba cha nyuma, redio, sahani, mtoto. Alipofika kwenye mtoto akashindwa kuendelea, akaangalia mikono yake.

Mwalimu alikuwa amezishika zile picha, anazielekeza kwenye mwanga wa jua, moja baada ya nyingine.

"Sikuwa na mwingine," Gundi akasema. "Siku zote hizo hakuna aliyekuwepo."

"Hilo limenichukua miaka sita kuacha kuliwaza. Sasa unaniletea jipya la kuwaza." Aliziweka picha chini. "Unajua nilijiambia nini? Nilidhani ni mimi. Nilijitazama kwenye kioo nikitafuta kasoro iliyokukimbiza. Nilidhani labda nanuka. Mwanamke mzima, nikawa naoga mara tatu kwa siku."

"Nilitaka usilie."

"Na mimi nimefanya nini miaka yote hii?"

Ndani ya nyumba maji yalikuwa yanachuruzika kwenye ndoo, mtu amesahau kufunga bomba, na hakuna kati yao aliyeinuka.

"Ungeniambia," Mwalimu akasema taratibu, "ningesema, haya, Alhamisi saa tatu twende. Basi. Ni kitu cha asubuhi moja. Tungerudi tukala."

"Najua."

"Nikuulize kitu kimoja, na usininyamazie kama siku ile. Mwaka wa kwanza naelewa. Uliogopa, kaka yako alikufa, naelewa. Wa pili, sawa. Mwaka wa tatu, wa nne, uko hai, unabeba mizigo, unakula. Hukujiuliza?"

Angeweza kusema hakujiuliza. Mwalimu angeamini, na pengine ingekuwa rahisi kumsamehe mtu mjinga. Lakini alikuwa amekuja na bahasha mbili ili aseme kweli, akasema yote.

"Nilijiuliza. Mwaka wa tatu nilijua huenda sifi. Nikaogopa kwenda kuambiwa."

"Kuambiwa nini?"

"Kwamba nilikosea. Ulikuwa umeshaondoka. Nikaona bora niwe mgonjwa kuliko kuwa mtu aliyekufukuza bure."

Mwalimu aliinua uso akamtazama, na Gundi akaona kwamba yale mengine yote alikuwa tayari kuyapokea, ila hili limeingia mahali pa ndani zaidi. Aliinuka, akakusanya viti, akaviweka kimoja juu ya kingine. Alipomaliza akasema, "Mjukuu wako anarudi kutoka shule saa kumi. Kama utamsubiri, subiri. Mimi nina maandalizi ya kesho."

Alisubiri. Msichana alirudi akiwa na begi mgongoni, miguu mirefu, meno mawili ya mbele hayapo. Alimsalimia shikamoo babu kwa adabu ile wanayopewa wageni. Gundi akamwomba mkono, akampa. Ulikuwa mkono wa mtoto anayejua kuandika, una wino kidoleni. Akaushika mpaka msichana alipouvuta mwenyewe, akakimbilia ndani kuvua viatu. Hakuwa tena mtoto wa kunyanyuliwa na babu.

Miezi mitatu baadaye aliitwa kliniki kwa picha ya marejeo. Alimpigia Mwalimu simu kumwambia tarehe, hakuomba kitu. Asubuhi ile alimkuta amekaa kwenye benchi la mapokezi, mkoba mapajani, amefika kabla yake.

"Nimekuja kusikia kwa masikio yangu," akasema.

Akasikia. Alimuuliza daktari maswali kama mwalimu anayesahihisha daftari: wingu la kushoto limefutika? Limefutika. Haya ya kulia yatatoka lini? Hayatatoka, atazikwa nayo, lakini hayatamzika. Ni dalili gani zimlete hapa mbio? Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, damu kwenye makohozi, homa za jioni, kukonda bila sababu, daktari akahesabu kwa vidole. Kifua kilichowahi kuugua kinahitaji kuangaliwa, si kuogopwa. Na atembee kila siku, kutembea kunayapa mapafu kazi. Kila safari aje na picha za nyuma, asitupe hata moja. Mwalimu akaandika yote kwenye daftari dogo, akachana ukurasa, akampa mumewe.

Nje waliongozana mpaka kituoni. Gundi alikuwa amejiandaa maneno tangu juzi, akayatoa yote kwa mara moja: kwamba chumba cha mbele kiko kama alivyokiacha, kwamba ua wa nyumbani ni mkubwa kuliko wa binti yao, viti kumi na kimoja vitaenea.

Mwalimu hakukasirika. Alimtazama kwa namna ambayo ingekuwa afadhali akasirike.

"Nimeshazoea kule," akasema. "Nilijifundisha kuzoea, na haikuwa kazi ndogo. Sitaki kuanza tena somo jingine." Akamrekebisha ukosi wa shati, mazoea ya zamani ya vidole. "Njoo Jumamosi. Njoo mapema, ukae na mjukuu wako, anasumbuliwa na kusoma, wewe unajua kusoma."

Alipotambua alichokisema alikaribia kucheka, kisha hakucheka.

Basi likaja. Akapanda, akapata kiti upande wa dirisha, akainua mkono kidogo. Gundi alisimama mpaka basi lilipokata kona. Akakunja ule ukurasa wa daftari, akautia mfuko wa shati, akaanza kurudi nyumbani kwa miguu, taratibu, kwa kuwa daktari alisema atembee.